Filamu iliyookolewa na msimuliaji: uchambuzi wa kisa cha kikundi cha vijana wapenda filamu, Moshi

Usuli

Kisa hiki kinahusu vijana watano wa Manispaa ya Moshi waliotengeneza filamu yao ya kwanza, yenye urefu wa dakika 40 hivi, bila mfadhili na bila yeyote kati yao kuwahi kusomea filamu darasani. Majina ya watu, ya kikundi, ya filamu na ya mtaa yameondolewa, na mambo machache yanayoweza kumtambulisha mtu yamebadilishwa. Wahusika wanatajwa kwa kazi zao tu: mwongozaji, mpiga picha, mhariri, mwandishi wa skripti na mratibu, pamoja na mtu wa sita ambaye hapo mwanzo hakuhesabiwa kuwa mwenzao, yaani msimuliaji. Niliitwa kushauri baada ya mgogoro kuzuka, hivyo maelezo ya hatua za awali yanatokana na daftari lao la kazi na mazungumzo na kila mmoja wao kwa wakati wake.

Vijana hawa walifahamiana katika kibanda umiza, yaani ukumbi mdogo wa mtaani wa kutazama filamu na mpira kwa kiingilio. Kibanda chenyewe kina mabati pande tatu na turubai upande wa nne, mabenchi ya mbao zisizorandwa, na ubao mlangoni unaoandikwa kwa chaki kila siku: saa nane ya Kihindi, saa kumi ya mapigano, usiku mpira. Hapo ndipo walipokulia, na hapo ndipo walipojifunza kubishana kuhusu filamu: kwa nini mwizi aonekane kwa nyuma kabla ya kuonyeshwa uso, kwa nini muziki ukatike ghafla kabla ya ngumi ya kwanza. Sehemu kubwa ya filamu walizoziona zilikuwa zimetafsiriwa, kwa maana ya utamaduni ule uliojengwa na watu kama Lufufu wa Dar es Salaam, ambapo mtu mmoja hushika maiki, huwasemea wahusika wote, huongeza mzaha, huwapa wauaji wa Hong Kong majina ya mtaani kwetu, na sauti ya asili ya filamu hushushwa kila anapofungua kinywa. Jambo hili nalisisitiza mapema kwa sababu, kwa maoni yangu, ndilo linaloeleza kushindwa kwao na kuokoka kwao kwa pamoja.

Skripti waliyoiandika ilitoka humohumo. Inamhusu binti wa darasa la sita ambaye haruhusiwi kuingia kibandani, akawa anasimama nje ya ukuta wa mabati na kusikiliza. Kutokana na sauti peke yake anaitunga filamu nzima kichwani, kisha usiku anawasimulia wadogo zake, na siku anapoingia ndani kwa mara ya kwanza anakuta filamu ya kweli haifanani na ile aliyoitunga. Ni wazo zuri, na ningelisifu hata kama lingetoka kwa watu wenye uzoefu mkubwa. Lakini ni wazo linalosimama au kuanguka kwa sauti.

Makubaliano ya mwanzo

Kabla ya kupiga picha waliandika karatasi moja ya makubaliano, hatua ambayo vikundi vingi vya namna hii huiruka. Ilisema kwamba gharama zitarudishwa kwanza kwa aliyezitoa, na kinachobaki kitagawanywa sawa kwa sawa kati ya waanzilishi watano. Waigizaji wengine watapewa nauli na chakula. Sababu yao ya kugawana sawa ilikuwa ya busara: hakuna aliyejua ni kazi ya nani itakayokuwa nzito zaidi, na walitaka kuepuka kupimana.

Mhusika mkuu alikuwa mtoto, hivyo mratibu alimwendea mama yake. Mama alikubali kwa sharti kwamba binti asikose shule hata siku moja. “Mkimaliza naye kabla ya giza mniletee mwenyewe hadi hapa mlangoni, msimpakie kwenye bodaboda,” aliwaambia. Ratiba nzima ikapangwa kuzunguka Jumamosi na likizo ya katikati ya mwaka.

Kuhusu sheria, walipata mwongozo kwa Afisa Utamaduni. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976, ambayo imefanyiwa marekebisho zaidi ya mara moja, inataka kibali kabla ya kutengeneza filamu, na inataka filamu ihakikiwe na kupangiwa daraja kabla ya kuonyeshwa kwa umma. Vijana hawa walifuata hatua zote mbili, na hilo liliwasaidia baadaye, ingawa lilizua pia swali ambalo nitalirudia mwishoni.

Mtu mmoja hakuingia kwenye karatasi ile. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na kitu, na zamani alikuwa akitafsiri filamu mubashara katika kibanda hichohicho kabla ya kanda na diski zilizotafsiriwa tayari kumwondoa kazini. Walimpa nafasi ya kuigiza mwenye kibanda, mandhari mbili tu, kwa nauli na chakula.

Upigaji picha

Kamera yao ilikuwa simu, na kwa upande wa picha waliitumia kwa akili. Aliyewahi kupiga picha Moshi anaujua usumbufu wa Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro: asubuhi mlima uko wazi, ikifika saa nne au saa tano mawingu yanaufunika, na jioni unaweza kufunguka tena. Ukipiga mazungumzo ya dakika mbili kwa muda wa saa tatu, mlima wenye urefu wa mita 5,895 utakuwa nyuma ya mhusika mmoja na kutoweka nyuma ya mwenzake. Mpiga picha alichora safu katika daftari, na kando ya kila kipande aliandika “mlima upo” au “mlima haupo”. Mandhari zote za nje za binti zilipigwa kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa tatu asubuhi. Vilevile alijua kwamba katika nchi iliyo karibu na ikweta jua huzama wima na giza huingia haraka, kwa hiyo mandhari ya machweo ilifanyiwa mazoezi mchana kutwa na kupigwa mara mbili tu. Picha hizo ndizo bora katika filamu nzima.

Kwa upande wa sauti walinunua maiki moja ndogo ya kubana kwenye nguo, wakaiunganisha na simu ya pili ya kurekodia. Hawakuweka mtu wa kuisimamia. Mwongozaji aliandika katika daftari sentensi inayostahili kunukuliwa: “Sauti tutaitengeneza kwenye kompyuta.” Nilipomuuliza maana yake, alisema kwamba ndivyo alivyoamini filamu zote zinavyofanywa. Kwa mtu aliyelelewa na filamu zilizotafsiriwa, imani hiyo haishangazi hata kidogo.

Mandhari za ndani ya kibanda zilipigwa mchana, watu wakiwa wachache. Mabati yanapopata jua kali hutanuka na kulia, na mlio huo ulisikika katika kila kipande. Bodaboda zilipita nje. Hakuna aliyesimamisha upigaji kwa sababu ya kelele, ilhali upigaji ulisimamishwa mara nyingi kwa sababu ya kivuli.

Kwenye meza ya uhariri

Mhariri ndiye aliyegundua ukubwa wa tatizo, na lilikuwa la aina mbili.

La kwanza lilikuwa la kiufundi na halikutarajiwa. Midomo na sauti vilianza pamoja kisha vikaachana polepole, na katika vipande virefu neno lilifika mhusika akiwa amekwisha kufunga kinywa. Chanzo chake ni kwamba simu nyingi hazirekodi video kwa idadi moja ya fremu, yaani picha mojamoja zinazounda video, kwa sekunde tangu mwanzo hadi mwisho. Idadi hiyo hupanda na kushuka, na mwanga ukiwa hafifu baadhi ya simu huipunguza ili kila fremu ipate mwanga wa kutosha. Kinasa sauti hakina tabia hiyo. Chenyewe hukimbia kwa mwendo mmoja. Programu ya uhariri inayochukulia fremu kuwa sawasawa hujikuta ikipanga picha kwa hesabu isiyo yake. Ndiyo maana tatizo lilikuwa baya zaidi ndani ya kibanda, mahali penye giza. Dawa yake inajulikana: kutumia programu ya kamera inayofunga idadi ya fremu, au kuigeuza video iwe na idadi isiyobadilika kwa programu ya bure kama HandBrake kabla ya kuanza kuhariri, na kupiga kofi mbele ya kamera mwanzoni na mwishoni mwa kila kipande ili mhariri apate alama mbili za kulinganisha. Mhariri alijifunza haya akiwa amekwisha kukata nusu ya filamu.

La pili halikuwa na dawa. Simu ya kurekodia ilikuwa ikijiongezea nguvu yenyewe kila mhusika aliponyamaza, hivyo katikati ya sentensi ulisikia upepo, kuku na mabati yakipanda juu kisha kuzama mtu alipoanza kusema. Tena hawakuwa wamerekodi sauti ya mahali patupu, ile nusu dakika ya ukimya wa chumba au uwanja ambayo mhariri huitumia kuziba mapengo. Kila alipokata neno lililoharibika, palibaki shimo linalosikika.

Wakawaonyesha watu wachache kibandani. Mwenye kibanda alitazama hadi mwisho kwa heshima, kisha akasema, “Vijana wangu, picha nimeipenda. Lakini mimi hapa siwezi kumtoza mtu mia tano aje kusikiliza upepo.”

Uamuzi wa kuisimulia

Walikuwa na njia tatu. Kurudia upigaji kuliwezekana kwa shida, kwa kuwa masika yalikuwa yamekaribia na mtoto alikuwa akirefuka. Kuingiza sauti upya kulihitaji chumba tulivu na waigizaji wote, na wawili walikuwa wamehamia Arusha kikazi. Njia ya tatu ilipendekezwa na mtu asiyekuwa na kura: yule aliyeigiza mwenye kibanda. Alisema wazime sauti yote isipokuwa muziki na kelele za hadhira ya kibandani, wampe maiki, naye ataisimulia mbele za watu.

Mwongozaji alikataa kwa siku kadhaa. Hofu yake ilikuwa kwamba filamu yake itageuzwa kichekesho. Mwandishi wa skripti ndiye aliyemgeuza, kwa hoja niliyoiona nzito: filamu inamhusu mtoto anayesikiliza msimuliaji kupitia ukuta, kwa hiyo msimuliaji wa kweli ukumbini hataingilia hadithi, atakuwa sehemu yake. Wakakubaliana kwamba mandhari za binti akiwa peke yake zisisimuliwe kabisa. Msimuliaji alipinga mwanzoni, kwani katika kazi yake ya zamani ukimya ulikuwa ni hasara, lakini mwishowe alikubali.

Onyesho la kwanza lilijaza kibanda. Msimuliaji alimsemea mwenye kibanda, watoto, muuza karanga na hata ng'ombe anayepita, na watu wakacheka mahali ambapo skripti haikuwa na kichekesho. Kisha binti akatokea peke yake kando ya mabati, msimuliaji akanyamaza, na kibanda kizima kikanyamaza pamoja naye kwa zaidi ya dakika moja. Mratibu aliniambia kwamba ndipo alipojua wametengeneza filamu. Maonyesho mengine yalifuata Moshi na baadaye Arusha, na gharama zote zilirudi.

Mgogoro

Fedha ilipobaki baada ya gharama, karatasi ya makubaliano ilitolewa na kufuatwa kama ilivyo. Watano waligawana. Msimuliaji alipewa nauli, chakula na kitu kidogo cha shukrani. Alilalamika kwa utulivu: “Picha ni zenu, sikatai. Lakini hawa wanaotoa kiingilio wanakuja kumsikiliza nani?” Alijibiwa kwamba watamwangalia baadaye, jibu ambalo kwa Kiswahili cha mjini kila mtu anajua uzito wake.

Kilichovunja uhusiano hakikuwa fedha hiyo. Katika mojawapo ya maonyesho, mhariri alirekodi sauti ya msimuliaji moja kwa moja kutoka kwenye mashine ya spika bila kumwambia. Sababu yake ilikuwa kwamba muda wa kupeleka filamu kwenye tamasha moja ulikuwa unaisha, na filamu isiyo na sauti isingeweza kutumwa. Aliiweka sauti hiyo juu ya picha, ikawa nakala kamili, na mwishoni jina la msimuliaji likaandikwa miongoni mwa waigizaji wadogo. Msimuliaji aliiona sehemu ya nakala hiyo kwenye stetasi ya WhatsApp ya kijana mmojawapo. Hakutokea kwenye onyesho lililofuata, watu walikuwa wamekwisha kulipa, na viingilio vikarudishwa mlangoni.

Usuluhishi ulifanyika kibandani asubuhi, mwenye kibanda akiwa mwenyekiti. Ulichukua vikao zaidi ya kimoja. Nakala ya tamasha iliondolewa. Makubaliano mapya yalimpa msimuliaji fungu sawa na la kila mwanzilishi katika maonyesho anayosimulia, jina lake likapanda na kukaa baada ya la mwongozaji, na sauti yake isitumike katika nakala yoyote bila saini yake. Mwongozaji aliomba radhi mbele ya wote. Mhariri alifanya hivyo baadaye sana, na faraghani.

Sambamba na hilo walianza nakala ya pili yenye sauti zilizoingizwa upya, wakirekodi katika chumba cha kulala kilichozungushiwa magodoro na mablanketi. Nakala hiyo imekamilika. Ni safi, inasikika, na kwa maoni yangu haina uhai wa ile ya kibandani, hasa kwa kuwa binti sasa ana sauti ya mtu aliyemzidi umri yule anayeonekana kwenye picha.

Uchambuzi

Ni rahisi kusema kwamba vijana hawa walishindwa kwa kukosa vifaa. Sikubaliani. Mpiga picha aliyebuni safu ya “mlima upo” alikuwa na simu tu, kama ambavyo angekuwa nayo mrekodi wa sauti, ambaye hakuwepo. Tofauti ilikuwa katika uangalifu, na uangalifu huo ulifuata mapenzi yao. Walipenda filamu kwa macho. Sauti waliijua kama kitu ambacho mtu mwingine huja kukiongeza juu, mwenye maiki na maneno mengi, na hawakuwahi kuwa na sababu ya kuisikiliza sauti ya chini iliyofunikwa. Mkufunzi anayefundisha vijana wa vibandani angefanya vyema kuanza hapo: awape filamu wanayoijua kwa tafsiri, aiweke bila tafsiri, na awaombe waandike kila wanachosikia kabla hajawaonyesha kamera.

Lakini malezi hayohayo ndiyo yaliyowapa njia ya kutokea. Kikundi kilichosoma filamu kwenye vitabu kingeiona sauti iliyoharibika kuwa mwisho wa kazi. Hawa walikuwa na mtu, ukumbi na hadhira iliyokwisha kuzoea kumsikiliza mtu huyo. Si jambo la pembeni katika historia ya filamu pia: Japani, katika enzi ya filamu bubu, kumbi zilikuwa na wasimulizi walioitwa benshi, na wapo waliovuta watu kwa majina yao kuliko waigizaji wenyewe, hadi filamu za sauti zilipowaondoa katika miaka ya 1930. Uamuzi wa kunyamaza kwenye mandhari za binti ulikuwa wa kisanaa kamili, na ndio unaonifanya niite kazi hii filamu na nisiite onyesho la mzaha lenye picha nyuma yake.

Makubaliano ya mwanzo yalistahili sifa kwa kuwepo, na yalikosea kwa kuwataja watu badala ya kazi. Yaliandikwa kana kwamba orodha ya wanaohitajika ilikuwa imefungwa siku ile. Kifungu kimoja tu kingetosha: kwamba mtu yeyote ambaye mchango wake utabadilika wakati wa kazi, fungu lake litajadiliwa upya kabla ya onyesho la kwanza. Hapa mwongozaji alikuwa na nafasi ya wazi, kwa sababu siku kadhaa alizokataa wazo la msimuliaji zinaonyesha kwamba aliuelewa ukubwa wake.

Kuhusu kurekodi kwa siri, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 haimwachi mtumbuizaji mikono mitupu. Neno hakishiriki, linalogusa haki za watumbuizaji, limo katika jina lake kwa ajili ya watu kama huyu. Hata hivyo sidhani kwamba mhariri alijiona anaiba. Kwake sauti ile ilikuwa tiba ya kasoro, na tiba haina mwenyewe.

Liko pia lile swali la uhakiki. Filamu iliyopelekwa kupangiwa daraja ilikuwa na skripti na maneno yaliyoandikwa, ilhali maneno ya msimuliaji hubadilika kila onyesho, na jioni moja aliongeza mzaha kuhusu walevi ambao mama wa binti hakuufurahia. Kikundi kimejiwekea utaratibu wa kuandika muhtasari wa usimulizi na kukubaliana mambo yasiyotamkwa, ambao ni mzuri lakini unategemea nidhamu ya mtu mmoja mwenye maiki mbele ya watu wanaocheka.

Suala ambalo makubaliano mapya hayajaligusa limetokea Arusha. Mwenye kibanda mmoja ameomba filamu ile kwa ajili ya ukumbi wake, akitaka isimuliwe na mtu wake mwenyewe. Waanzilishi wanaweza kuruhusu picha zitumike, na wameelekea kukubali kwa sharti kwamba msimuliaji mpya atunge maneno yake. Msimuliaji wa Moshi hana pingamizi na hilo, ila ameuliza nani atakayekaa ukumbini kusikiliza kama sharti linafuatwa, kwa kuwa mzaha wake wa yule ng'ombe tayari unarudiwa na watu ambao hawajawahi kuiona filamu.